Allidina Visram: Tajiri aliyekufa na mali ikamfuata

Kama uko Garissa na ndoto yako ni kuwa mshauri wa mali, yaani mtu wa kuwaelekeza wengine jinsi ya kutunza na kukuza walicho nacho, bila shaka kuna rafiki ameshakucheka. Atakuuliza, mali gani huku kwetu? Mpeleke soko la mifugo siku ya mnada, ahesabu ng'ombe na ngamia. Ukimaliza, mwonyeshe maduka mjini na pesa zinazoingia kwa hawala kutoka kwa ndugu walio ng'ambo. Mali iko, tena nyingi. Anayekosekana ni mtu wa kuketi na mwenye mali na kumuuliza: siku ukiondoka, haya yote yatakuwaje?

Ili uone kwa nini swali hilo ni zito, hebu nikusimulie maisha ya Allidina Visram. Jina hilo umelisikia kwa sababu ya shule ya upili iliyoko Mombasa, lakini huenda hujui mwenyewe alikuwa nani.

Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch nchini India. Alivuka bahari akiwa kijana mdogo tu, bila mtaji wa kutajika, akaishia Bagamoyo. Hapo alipata kazi kwa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akiuzia misafara ya bara vitambaa, shanga na waya na kununua pembe za ndovu. Ona hapo, ndugu yangu. Hakuanza na ofisi wala kadi ya jina. Alianza kwa kubeba, kuhesabu na kuangalia mkubwa wake anavyofanya. Siku hizi mngeiita atachimenti.

Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina alikuwa tayari anaijua biashara ya misafara ndani nje. Alikuwa na maduka sehemu za ndani kama Tabora na Ujiji. Lakini aliona jambo ambalo wengi hawakuliona: siku za misafara zilikuwa zinahesabika. Ujenzi wa reli ulikuwa umeanza Mombasa mwaka 1896, na ulifika Kisumu mwaka 1901. Allidina akaifuata. Kila mahali vibarua walipopiga kambi, walihitaji unga, mchele, nguo na sabuni. Yeye akafungua duka. Reli ikisonga mbele, naye anasonga, mpaka akaingia Uganda.

Na hakuweka yai lote kwenye kikapu kimoja. Alikuwa na mashamba, viwanda vya kuchambua pamba, vinu vya mafuta, kiwanda cha sabuni, na vyombo vya usafiri Ziwa Victoria. Pembe za ndovu zikishuka bei, pamba inamshikilia. Ukienda darasani utafundishwa hilo kwa maneno makubwa. Mchungaji wa Modogashe analijua pia, ndiyo maana anafuga ngamia pamoja na mbuzi: kiangazi kikiua mmoja, mwingine anabaki.

Sasa hapa ndipo anapokuhusu wewe hasa. Benki zilikuwa chache mno bara, na Allidina akawa kama benki. Ulikuwa unaweza kumkabidhi pesa pwani ukazipokea kwa mtu wake Uganda. Hata maafisa wa serikali walimtumia. Je, si hawala hiyo? Vilevile aliwapa vijana waliotoka India bidhaa kwa mkopo wafungue maduka yao, wakalipa baada ya kuuza. Kilichoendesha yote hayo kilikuwa jina lake. Mtu akisikia Allidina, anajua pesa yake haipotei. Kazi ya kushauri kuhusu mali ni hiyo hiyo: watu watakuamini kwanza, hesabu zako watazisikiliza baadaye. Ukimdanganya mteja mmoja mjini Garissa, mpaka jioni Wajir na Mandera wameshajua.

Mwaka 1916, akitoka safari ya biashara Kongo, alishikwa na homa akafariki. Alikuwa na umri wa takriban miaka 65. Mali ikamwangukia mwanawe Abdulrasul, ambaye ndiye aliyejenga ile shule ya Mombasa kwa kumkumbuka baba.

Lakini wakati ulikuwa mbaya. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimevuruga biashara. Baada ya vita bei za mazao zikaporomoka. Sarafu nayo ikabadilishwa mara mbili: rupia ikawa florini mwaka 1920, kisha shilingi mwaka 1921. Mwaka 1923 Abdulrasul naye akafariki. Haikuchukua muda, ile himaya ikasambaratika. Miaka kama kumi tu baada ya kifo cha mzee, maduka yaliyotapakaa nchi kadhaa yalikuwa yamekwisha.

Usiseme ni bahati mbaya tu. Biashara ilisimama juu ya mtu mmoja na imani ambayo watu walikuwa nayo kwake. Imani ya namna hiyo hairithiwi kama ng'ombe. Linganisha na bosi wake wa zamani: Sewa Haji alitoa mali yake kujenga shule Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam, na ukifuata historia ya hospitali hiyo utafika Muhimbili ya leo. Kwa Allidina pia, kilichobaki mpaka leo ni shule. Kilichotengwa kwa kazi maalumu kilidumu. Kilichoachwa kijiendeshe chenyewe kilipotea.

Basi wewe unayeitaka kazi hii, jiandae sawasawa. Kuna mitihani ya KASNEB ya wachambuzi wa uwekezaji, na kuna leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kwa washauri wa uwekezaji. Huku kwetu ongeza elimu ya zaka, mirathi na kuepuka riba, maana mteja atakuuliza hayo kabla ya kuuliza faida. Jua pia bima ya mifugo ya takaful, iliyowalipa wafugaji wa Wajir mwaka 2014 baada ya ukame.

Halafu anzia nyumbani. Jioni hii, mkiwa kwenye chai, muulize mzee wako kwa heshima: nani anajua tunachodai, tunachodaiwa, na mifugo iliyo kwa watu? Kama jibu ni yeye peke yake, umeshampata mteja wako wa kwanza.