Imam Ash-Shafi'iy: Yatima Aliyelelewa na Mama Juu ya Kusoma

BismiLlahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah (Subhanahu wa Ta'ala) Ambaye wahyi Wake wa mwanzo ulishuka kwa amri ya kusoma. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Maswahaba zake wote.

Amma baad,

Wengi wetu katika visiwa hivi tunafuata madhehebu ya Imam Ash-Shafi'iy (Allah Amrehemu). Tulipokuwa wadogo tulisomeshwa Safina, kisha Abu Shujaa, na aliyejaaliwa kuendelea alifika kwenye Minhaj ya Imam An-Nawawi. Vyote hivyo ni vitabu vya madhehebu yake. Lakini ukiwauliza watoto majumbani ni nani huyu mtu na alisoma vipi, wengi hawana la kukujibu zaidi ya jina.

Tumeona tueleze maisha yake, na khasa malezi yake. Wazazi wengi hutuuliza vipi wamfanye mtoto apende kusoma ilhali nyumbani uwezo ni mdogo, au baba yuko mbali, au ameshatangulia mbele ya haki. Maisha ya Imam huyu yana jawabu nzuri kwa suala hilo.

Jina lake ni Muhammad bin Idris, na nasaba yake inakutana na ya Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) kwa Abdu Manaf. Alizaliwa Gaza, katika ardhi ya Sham, mwaka 150 Hijria (767 Miladia), na huo ndio mwaka aliofariki Imam Abu Hanifa. Baba yake alikufa yeye akiwa bado mchanga. Akabaki na mama yake, mwanamke wa kabila la Azd, bila ya mali ya kutegemea.

Mama huyu alikuwa na njia mbili mbele yake. Angeweza kubaki Gaza na kumkuza mwanawe kama wanavyokuzwa watoto wengine. Lakini aliona kuwa mtoto akikaa mbali na jamaa zake wa Kikureshi nasaba yake itapotea, na elimu ataikosa. Basi alipofika umri wa miaka kama miwili alimchukua akasafiri naye mpaka Makka, akakaa naye katika mtaa wa mafakiri, karibu na Haram na karibu na wanavyuoni. Tuizingatie hatua hii. Mwanamke mjane, hana kitu, anahama nchi kwa sababu ya masomo ya mtoto ambaye hata kusema vizuri bado.

Wala mama huyu hakuwa mjinga wa dini. Wanavyuoni wamepokea kwamba siku moja aliitwa kutoa ushahidi mbele ya kadhi wa Makka pamoja na mwanamke mwengine. Kadhi akataka kuwatenganisha ili amsikilize kila mmoja peke yake. Mama yake Ash-Shafi'iy akamzuia kwa hoja ya Aya ya deni katika Suratul Baqarah, inayoeleza kuwa wanawake wawili hushuhudia ili mmoja akisahau mwenzake amkumbushe. Akamwambia kuwa akiwatenganisha, makusudio hayo yatapotea. Kadhi akakubali. Mtoto aliyelelewa na mama anayeifahamu Qur-ani kiasi hicho hahitaji kuambiwa kila siku kuwa elimu ina thamani, kwani anaiona ikitumika mbele yake.

Alipofika umri wa kwenda chuoni, mama hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Akampeleka hivyo hivyo. Mwalimu, kwa kuwa halipwi, hakumshughulikia sana. Lakini mtoto alikuwa akisikiliza anavyosomeshwa mwenzake na akihifadhi kabla mwenzake hajahifadhi, na mwalimu akiinuka yeye huwashika wenzake na kuwasomesha. Mwalimu alipoona hivyo aliridhika kuwa msaada ule ndio malipo yake. Kwa njia hiyo alihifadhi Qur-ani akiwa na umri wa miaka saba.

Baada ya hapo akaanza kukaa na wanavyuoni msikitini, akisikiliza Hadithi na mas-ala ya Fiqhi. Alitaka kuandika anayoyasikia, na karatasi zilikuwa ghali. Akawa anaokota mifupa mipana ya wanyama na kuandika juu yake. Nyumbani kwao palikuwa na mtungi mkongwe, na kila mfupa uliojaa maandishi aliutia humo. Pia alikuwa akienda kwenye ofisi za serikali kuomba karatasi zilizokwishatumika upande mmoja, akaandika upande wa nyuma.

Mama yake hakuitupa mifupa ile kama taka. Nyumba ilikuwa finyu na ya kimasikini, lakini ndani yake palipatikana mahali pa kuhifadhi maandishi ya mtoto. Tujiulize katika nyumba zetu leo. Tuna nafasi ya televisheni, tuna kabati la vyombo vya wageni ambavyo havitumiki ila Sikukuu. Je, tuna rafu moja ya vitabu? Na daftari la mtoto likijaa, linakwenda wapi? Mara nyingi tunaliona limefungiwa karanga.

Kisha alitoka Makka akaenda kukaa jangwani na kabila la Hudhayl, waliosifika kwa ufasaha wa Kiarabu. Akajifunza lugha yao na mashairi yao, na pia akajifunza kutupa mishale mpaka akawa hodari wa kulenga shabaha. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wazazi wanaodhani kuwa mtoto anayependa kusoma lazima azuiliwe na michezo yote. Imam alicheza na akasoma, na lugha aliyoipata huko ndiyo iliyomsaidia baadaye kuifahamu Qur-ani na Sunna.

Akiwa na umri wa miaka kumi hivi alikuwa ameshahifadhi Muwatta, kitabu cha Imam Malik, na imepokewa kuwa nakala aliyohifadhia aliiazima kwa mtu wa Makka. Mufti wa Makka wakati huo, Muslim bin Khalid Az-Zanji, alimpa ruhusa ya kutoa fatwa angali kijana mdogo. Hata hivyo hakuridhika. Akasafiri mpaka Madina kusoma kwa Imam Malik mwenyewe, akamsomea Muwatta kwa moyo, na Imam Malik akapendezewa na ufasaha wake. Aliendelea kunufaika naye mpaka Imam Malik alipofariki mwaka 179 Hijria (795).

Kisha ikaja fursa ya kazi Yemen, na safari ilihitaji fedha. Imepokewa kuwa ili aweze kusafiri iliwekwa rehani nyumba yao kwa dinari kumi na sita. Nyumba ndiyo kitu pekee walichokuwa nacho, na mama aliridhia itolewe kwa ajili ya mwanawe.

Huko Yemen alifanya kazi kwa uadilifu, na uadilifu ukamletea maadui. Alisingiziwa kuwa yuko pamoja na wanaotaka kumpindua Khalifa. Mwaka 184 Hijria (800) alipelekwa amefungwa minyororo mbele ya Khalifa Harun Ar-Rashid. Wenzake aliopelekwa nao waliuliwa. Yeye alisalimika kwa rehma ya Allah, kisha kwa hoja zake na kwa kuwa Muhammad bin Al-Hasan Ash-Shaybani, mwanafunzi mkubwa wa Imam Abu Hanifa, alimshuhudia kwa elimu yake.

Mtu aliyetoka karibu na upanga angeweza kurudi kwao na kutulia. Yeye alibaki Iraq akasoma kwa huyo huyo Ash-Shaybani, ingawa madrasa ya Iraq ilikuwa na njia tofauti na ile ya Madina. Alitumia dinari sitini kupata vitabu vyake, akavisoma mas-ala baada ya mas-ala, na kila mas-ala akaiwekea dalili yake. Alirudi Makka na mzigo wa ngamia wa maandishi. Mtoto aliyeandika juu ya mifupa kwa kukosa karatasi, alipopata fedha alijua pa kuzipeleka.

Makka alisomesha katika Msikiti Mtukufu, na miongoni mwa waliokaa mbele yake ni Imam Ahmad bin Hanbal. Mwaka 195 Hijria alirudi Baghdad akasomesha huko. Aliandika Ar-Risala, kitabu kilichoweka misingi ya Usul-l-Fiqhi. Kisha akahamia Misri, na humo akaipitia upya elimu yake yote. Mambo mengi aliyoyasema Iraq aliyabadilisha baada ya kuona dalili zenye nguvu zaidi, na ndiyo maana katika vitabu vyetu tunasoma kuhusu kauli yake ya zamani na kauli yake mpya. Hakuona aibu kurudi darasani akiwa Imam anayefuatwa.

Katika msikiti wa Amr bin Al-'As, Fustat, siku yake ilikuwa na mpango. Baada ya Alfajiri walikuja watu wa Qur-ani. Jua likichomoza walikuja watu wa Hadithi. Kisha wakaja wa majadiliano ya Fiqhi, na baada yao watu wa lugha na mashairi mpaka karibu na mchana. Usiku aliugawa sehemu tatu: ya kwanza kuandika, ya pili kusali, na ya tatu kulala.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwepo Ar-Rabi' bin Sulayman, muadhini wa msikiti huo. Alikuwa mzito wa kufahamu. Imepokewa kuwa Imam alimrejelea mas-ala moja mara arubaini na bado hakuifahamu, mpaka akainuka kikaoni kwa haya. Imam akamwita faraghani, akaendelea kumrejelea mpaka akafahamu. Ar-Rabi' huyu ndiye aliyekuja kuwa mpokezi mkubwa wa vitabu vya Imam, na kitabu Al-Umm kimetufikia kwa njia yake. Aliishi mpaka mwaka 270 Hijria, na watu wakimfuata kutoka kila upande kusikiliza kwake.

Kisa hiki tungependa kila mzazi akikumbuke pale mtoto anaposhindwa hesabu au anapokwama katika Juzuu Amma. Wengi wetu mara ya tatu tu tumeshamwita mpumbavu mbele ya ndugu zake. Mtoto aliyefedheheshwa kwa kitabu atakichukia kitabu. Na wangapi kina Ar-Rabi' tumewapoteza kwa maneno yetu?

Wala wanawake hawakuwa nje ya elimu hii. Wanavyuoni wamemtaja dada yake Al-Muzani, mwanafunzi mkubwa wa Imam, kuwa alikuwa akihudhuria vikao vyake na akinukuliwa katika Fiqhi. Na katika kizazi cha Imam mwenyewe elimu iliendelea. Mwanawe Abu Uthman Muhammad alikuwa kadhi katika mji wa Halab. Mjukuu wake aliyezaliwa na bintiye Zaynab naye ni katika wanavyuoni wa madhehebu, na hujulikana kwa kunasibishwa na mama yake huyo.

Miaka yake ya mwisho Misri aliumwa sana na maradhi ya bawasiri, akitokwa na damu nyingi. Juu ya hayo aliendelea kuandika na kusomesha. Alifariki mwisho wa Rajab mwaka 204 Hijria (820), akiwa na umri wa miaka 54, na akazikwa Misri.

Ndugu zetu wazazi, kumsomesha mtoto ni wajibu. Imam An-Nawawi ameeleza katika utangulizi wa Al-Majmu' kuwa Imam Ash-Shafi'iy na wanavyuoni wa madhehebu wamesema baba na mama wanalazimika kuwafundisha watoto wao yale yatakayowawajibikia wakishabaleghe, kama tohara, Sala na Saumu, na kuwajuulisha yaliyo haramu. Malipo ya mafundisho hayo ya lazima hutolewa katika mali ya mtoto akiwa nayo, na akiwa hana humlazimu mwenye wajibu wa kumlisha. Kwa hivyo baba anayesema kuwa mambo ya chuo ni kazi ya mama, au kuwa ada ya madrasa ni hiari yake akitaka, ajue kuwa analo jukumu atakaloulizwa.

Yanayozidi hapo, kama kupenda kusoma, mama wa Imam ametuonesha njia yake. Nyumba iwe karibu na elimu, na mtoto amuone mzazi naye akisoma, ijapokuwa kurasa mbili baina ya Magharibi na Isha huku simu zimewekwa pembeni. Mama asiyejua kusoma naye ana nafasi. Amwambie mwanawe amsomee, amsikilize mpaka mwisho, na amuulize alichofahamu. Kitabu si lazima kinunuliwe kipya, kwani hata Muwatta Imam aliisoma kwa kuazima. Na mtoto wa kike apewe sehemu yake kamili, kwani ndiye mama wa kesho.

Hatujui ni yatima gani wa Pemba au Unguja ambaye Allah Amemuandikia kheri kubwa. Tunachojua ni kuwa mlango wake unaweza kuwa mama anayempeleka chuoni hali hana cha kulipa, na mwalimu anayekubali kumpokea. Tuwapokee watoto hao, na tuwasaidie mama zao.

Tunamuomba Allah Amrehemu Imam Ash-Shafi'iy na mama yake, Awarehemu waliotusomesha, na Ajaalie nyumba zetu kuwa nyumba za Qur-ani na elimu yenye manufaa. Aamin.

Wallahu A'alam.