Kipofu Aliyewalinda Vipofu

Otto Weidt alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Rostock, nchi ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa maskini, na baba yake alifanya kazi ya kubandika karatasi za mapambo kwenye kuta za nyumba. Otto naye akajifunza kazi hiyo. Lakini macho yake yakapungua nguvu, hata alipokuwa mtu mzima karibu hakuona kitu. Wala hakukubali kulishwa na wengine. Alijifunza kutengeneza mafagio na brashi, kazi ambayo vidole huweza kuifanya pasipo macho, akafungua karakana katika mji wa Berlin.

Tangu mwaka 1933 nchi ilitawaliwa na Hitler, aliyewachukia Wayahudi. Walinyang'anywa kazi na mali zao, na mwaka 1941 Wayahudi wa Berlin wakaanza kupakiwa katika magari ya moshi na kupelekwa mbali, ambako walio wengi waliuawa. Wakati huo Weidt aliwaandika kazi Wayahudi kama 30, wengi wao vipofu na viziwi. Kwa kuwa jeshi lilihitaji brashi, karakana yake ilihesabiwa kuwa ya lazima kwa vita, na hiyo ikawa ngao ya watu wake. Tena aliwapa polisi wa siri rushwa, ili wafumbe macho. Hata siku moja wafanya kazi wake walipokamatwa, aliwaendea mwenyewe huko walikowekwa, akarudi nao karakanani.

Lakini mwaka 1943 ngao ile haikutosha tena. Basi Weidt akawaficha watu. Nyuma ya karakana palikuwa na chumba kisicho na dirisha. Akauziba mlango wake kwa kabati la nguo, na humo wakakaa baba, mama na watoto wao wawili. Baada ya miezi kadhaa siri ikatolewa, wakakamatwa wote, wakapelekwa Auschwitz, wala hawakurudi.

Karani wake, Alice Licht, naye alikamatwa pamoja na wazazi wake. Weidt akawapelekea vifurushi vya chakula kambini. Mwaka 1944 Alice alipokuwa akipelekwa Auschwitz, aliandika kadi na kuitupa kutoka katika gari la moshi, nayo ikamfikia Weidt. Mzee yule, karibu kipofu, akafunga safari mpaka Auschwitz, akijifanya mwuza brashi. Huko akapata habari kwamba Alice amehamishiwa kambi ya Christianstadt. Akaenda karibu na kambi hiyo, akapanga chumba, akaweka humo nguo na fedha, akampelekea habari kwa siri. Mwezi wa Januari 1945 Alice akatoroka, akafika Berlin salama.

Vita vilipokwisha, Weidt alisaidia kuanzisha makao ya yatima na wazee wa Kiyahudi waliookoka. Alikufa mwaka 1947, na mwaka 1971 Wayahudi wakamheshimu kule Yerusalemu kati ya wenye haki wa mataifa.

Hakuweza kuwaokoa wote. Walakini watu wengi wenye macho mazima waliyatazama maovu yale wakapita; yeye aliyeona kidogo hakupita.