Askofu Cassian Spiss na Safari ya Kingoni cha Kale

Waamini wa Bombambili, kama wenzao wa Jimbo Kuu zima la Songea, wanamfahamu Askofu Cassian Spiss kwa mambo mawili: aliianzisha misheni ya Peramiho, na aliuawa wakati wa vita vya Maji Maji. Jambo la tatu husemwa mara chache. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake alichapisha maelezo marefu ya lugha zilizosemwa katika nchi hii, na maelezo hayo hayajaacha kusomwa. Aliyeandika baadaye alimtaja aliyetangulia, na wa tatu akamtaja wa pili. Mfuatano huo wa marejeo ndiyo njia ambayo kwayo elimu juu ya Kingoni imetufikia.

Spiss alizaliwa mwaka 1866 huko Tirol, nchi ya milima ya Austria. Alijiunga na Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, shirika lililokuwa bado changa, akapewa jina la kitawa la Cassian. Miaka ya 1890 alitumwa Afrika Mashariki. Mwaka 1898 alifika Ungoni na kuweka misingi ya Peramiho, na mwaka 1902 aliteuliwa kuwa Vika wa Kitume, mwenye jukumu juu ya eneo kubwa la kusini mwa nchi. Kazi ya namna hiyo ingemtosha mtu yeyote kuwa kisingizio cha kuweka kalamu chini. Yeye aliendelea kuandika. Mwaka 1900 ulikwisha kutolewa mkusanyiko wake wa maneno ya Kihehe, na mwaka 1904 ikafuata kazi yake kubwa kuliko zote, juu ya Kingoni na Kisutu. Zote mbili zilitolewa katika jarida la chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin, chuo kilichowafundisha maofisa wa serikali ya Kijerumani na wamisionari. Hapana haja ya kuficha kwamba serikali hiyo ilizihitaji lugha zetu ili itawale. Mmisionari alizihitaji ili ahubiri na kufundisha katekisimu.

Kwa nini lugha mbili? Hapa ndipo thamani ya kazi yake ilipo. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakati wa misukosuko ya vita vya Wazulu na majirani zao. Chini ya Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya kifo chake huko Ufipa makundi yao yakatawanyika. Baadhi yao walifika nchi ya Songea na kusimamisha falme mbili, Njelu chini ya ukoo wa Gama na Mshope chini ya ukoo wa Tawete. Walikuja na lugha iliyo ndugu ya Kizulu. Watu waliowakuta na kuwatawala waliitwa Wasutu, nao walikuwa wengi kuliko watawala wao. Vijana wa vita walioa mabinti wa nchi, na mtoto hujifunza kusema kifuani mwa mama. Kufikia siku za Spiss, Kingoni chenyewe kilikuwa kimebaki zaidi vinywani mwa wazee na katika nyumba za watawala, huku Kisutu kikisikika kila mahali. Spiss aliziandika zote mbili, kila moja kwa jina lake. Kama angeiandika ile ya wengi peke yake, jambo ambalo lingemtosha kwa mahubiri, tungekuwa na ushahidi mdogo sana leo wa jinsi lugha ya kwanza ya Wangoni ilivyokuwa hapa Songea.

Mwezi Agosti 1905 Askofu alisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa, akaingia bara kwa njia ya Liwale akielekea Peramiho. Alifuatana na mabruda wawili, Gabriel Sonntag na Andreas Scholzen, na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Vita vilikuwa vimeanza mwezi uliotangulia katika milima ya Matumbi. Tarehe 14 Agosti, mahali paitwapo Mikukuyumbu, wapiganaji waliwaua wote watano. Mwezi Septemba misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Kisasi cha Wajerumani kilikuwa kikali mno: mashamba na maghala yaliteketezwa, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, na tarehe 27 Februari 1906 watu zaidi ya 60 walinyongwa siku moja mjini Songea, wakiwamo Nkosi Mputa Gama na wengine wa tabaka la watawala. Kwa kitanzi hicho walikufa pia watu wa nyumba zile zile zilizokihifadhi Kingoni cha kale. Mwandishi wa lugha hiyo na wasemaji wake walipotea katika vita kimoja, wakiwa pande mbili zinazopingana.

Kilichobaki kilikuwa karatasi iliyochapishwa Berlin. Mwaka 1939 Padre Elzear Ebner, Mbenediktini naye, aliandika sarufi ya lugha ya Wangoni akaipa jina la Kingoni Kipya. Neno hilo moja, kipya, halieleweki pasipo kile cha kale kilichoandikwa na Spiss. Ebner aliendelea na historia ya Wangoni, ambayo ilisambazwa kwanza Peramiho mwaka 1959 na kuchapishwa tena mwaka 1987, na mwanahistoria Patrick Redmond akaitumia katika kitabu chake cha 1985 juu ya utawala wa Wangoni. Huko Uingereza, Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu mwaka 1948, aliiweka lugha ya Wangoni wa Songea katika kundi N, namba 12, pamoja na Kimatengo na Kimpoto, mbali kabisa na Kizulu kilicho katika kundi S. Msomaji asiyejua mambo yaliyotangulia angedhani ni kosa. Baadaye Deo Ngonyani, mwanaisimu aliyetoa sarufi ya Chingoni mwaka 2003, alichunguza jinsi lugha hiyo ilivyogeuka: lugha inayosemwa leo ni mtoto wa lugha za wenyeji iliyorithi jina la watawala pamoja na baadhi ya maneno yao, kama nkosi na nduna.

Kanisa linaufahamu mfuatano wa aina hii tangu kale. Vitabu vya Papias, Askofu wa Hierapoli, vilipotea, na tunavijua kwa sababu Ireneo na Eusebio walivitaja katika vitabu vyao. Siku hizi kuna orodha kubwa zinazohesabu nani amemtaja nani. Ya kwanza iliyojulikana sana, kwa upande wa sayansi, ilianzishwa na Eugene Garfield nchini Marekani mwaka 1964. Ni chombo kizuri, lakini kilijengwa kwa majarida ya wanasayansi, na mzee wa Njelu hakuandika katika jarida lolote. Katika orodha za marejeo linasafiri jina la Spiss pamoja na mwaka 1904. Waliokaa naye na kumtajia neno moja baada ya jingine, wakimsahihisha matamshi, hawamo. Nani aliyekuwa mwalimu wa Askofu? Wapo Bombambili watu wa koo za Gama na Tawete ambao huenda babu zao walikuwa miongoni mwa walimu hao, na katika marejeo ya karne nzima hakuna mstari unaowataja.