Mkwawa: Kichwa Kilichopangiwa Bei

Wanachuo wenzangu, siku hizi mtu wetu akitajwa na BBC au CNN tunaisambaza habari kwenye magrupu fasta, kana kwamba sasa ndo amekuwa mtu. Akisemwa vibaya, tunanuna. Basi tumtazame mtu ambaye dunia ilimtaja kabla hata redio haijafika kwetu: Mtwa Mkwawa wa Uhehe.

Alizaliwa Iringa miaka ya 1850, mtoto wa Munyigumba, aliyeunganisha koo za Wahehe zikawa dola moja. Baba alipofariki ukazuka ugomvi wa urithi, na Mkwawa akaibuka mshindi. Makao yake makuu, Kalenga, akayazungushia ukuta wa mawe.

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi lake lilivamia msafara wa Emil von Zelewski. Zelewski aliuawa pamoja na Wajerumani wengine kadhaa na askari wengi. Habari ikafika Berlin, na huko kilichohesabika ni msiba wao. Kwamba Mkwawa alikuwa akilinda nchi yake, hilo halikuwa na uzito.

Wajerumani waliiteka Kalenga Oktoba 1894, wakiongozwa na Gavana Friedrich von Schele. Mkwawa akaingia msituni akapigana karibu miaka minne. Hapo wakampangia bei: rupia 5,000 kwa atakayewaletea kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alijipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa kikakatwa.

Sasa ona maajabu. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia, ulimtaja kwa jina. Ibara ya 246 iliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu lake kwa serikali ya Uingereza, ndani ya miezi sita. Yaani yule aliyewindwa kama mhalifu sasa anaitwa Sultani kwenye karatasi ya wakubwa. Je, Waingereza walimpenda ghafla? Wapi! Walikuwa wameshaichukua Tanganyika, na kumheshimu adui wa Mjerumani kuliwafaa. Fuvu lenyewe lilirudi mwaka 1954, baada ya Gavana Twining kulichagua kwa vipimo kati ya mafuvu mengi kwenye makumbusho ya Bremen. Leo liko Kalenga.

Lakini sisi wa Masanze, Kilosa, tuna hesabu yetu pia. Huku ni Usagara, na Wahehe walishuka mara kwa mara kuteka ng'ombe na watu. Bibi wa Kisagara wa enzi hizo asingempa Mkwawa alama sawa na atakazopewa na mzee wa Kalenga. Gazeti la Ulaya halikumuuliza bibi huyo, na vitabu vyetu vya shule navyo vinampita kimyakimya.

Sisi tunaosoma ualimu tutasimama darasani kesho kutwa. Tukifundisha kwamba Mkwawa ni mkubwa kwa sababu ametajwa Versailles, tutakuwa tumekopi alama za msahihishaji mwingine. Mkwawa alikuwa mkubwa Lugalo, miaka 28 kabla ya mkataba ule, na alikuwa tishio Usagara hata kabla ya hapo. Mwanafunzi apewe yote mawili, kisha aulizwe: aliyetoa alama alikuwa nani, na alitaka nini? Swali hilohilo tulitumie na sisi kabla hatujabonyeza kitufe cha kusambaza.