Karl Jansky, Aliyesikia Mvumo wa Mbingu

Muhula huu napenda kuwaeleza habari za Karl Jansky, mtu aliyefungua njia ya kuchungua mbingu kwa redio. Sisi tuliokulia Mbamba Bay twajua jinsi redio inavyokwaruza radi inapopiga juu ya Ziwa Nyasa. Kazi ya Jansky ilianza na mikwaruzo kama hiyo.

Alizaliwa tarehe 22 Oktoba, 1905, huko Norman, Oklahoma, Marekani. Alikuwa na ugonjwa wa figo, lakini alisoma fizikia kwa bidii, na mwaka 1928 akaajiriwa na maabara ya kampuni ya simu ya Bell. Wakubwa wake walitaka kujua ni kitu gani kinachoharibu maongezi ya simu yaliyopitishwa kwa redio kuvuka bahari. Basi akajenga antena ya urefu wa mita 30 hivi, akaiweka juu ya magurudumu ya motokaa ya Ford, ikawa inazunguka polepole kutafuta upande zinakotoka kelele.

Alipata kelele za namna tatu: radi za karibu, radi za mbali, na mvumo mdogo usiokoma. Mvumo huo alidhani kwanza kuwa watoka kwenye jua. Lakini alipoupima miezi mingi aliona kuwa hurudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, wala si saa 24. Hayo ndiyo majira ya nyota. Mwaka 1933 alitangaza kwamba watoka katikati ya Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokata mbingu, upande wa nyota za Mshale.

Kampuni ilimpa kazi nyingine, na chombo kikubwa alichokitamani hakikujengwa. Alifariki tarehe 14 Februari, 1950, akiwa na umri wa miaka 44.

Waliomfuata walielekeza vyombo vyao kwenye mawingu ya gesi ambamo nyota huzaliwa. Mwaka 1968 waligundua amonia upande ule ule wa Mshale. Kwa kulinganisha mawimbi ya amonia, hujulikana joto la gesi. Na tangu 1973 kipimo cha mawimbi ya redio yatokayo mbinguni huitwa jansky.

Mwezi wa Julai, yapata saa sita za usiku, wavuvi wa usipa wakiwa ziwani, tazameni karibu na utosi: Mshale uko pale. Nanyi wanafunzi, mnapofanya majaribio katika maabara, msilipuuze jambo dogo lisilolingana na hesabu. Jansky alionyeshwa njia na dakika nne tu.