John Vlissides: Mhandisi aliyesaidia programu kuelewana bila kujuana

Hela ikiingia kwenye simu yako, salio linabadilika, meseji inaingia na taarifa inahifadhiwa, vyote kwa mpigo. Sehemu hizo zinapeana vipi habari bila kuvurugana? Mmoja wa waliolielezea vizuri jambo hili ni John Vlissides.

Alizaliwa Agosti 2, 1961, nchini Marekani. Alisomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Virginia, kisha akaenda Stanford kuchukua PhD.

Stanford alijikita kwenye programu za kuchorea. Shida ya programu hizo ni hii: mchoro mmoja unaweza kuonekana kwenye madirisha matatu. Ukiubadilisha, yote lazima yabadilike. Sasa kama mchoro umefungamanishwa na kila dirisha, ukiongeza la nne inabidi ufumue kodi upya. Unarekebisha huku, kule kunaharibika.

Dawa yake ni kama group la WhatsApp la mtaani. Ukitangaza kuwa maji yamerudi, huna haja ya kumpigia kila jirani. Aliyejiunga anapata habari, na atachota au atafua, hiyo ni juu yake. Mchoro nao unatangaza tu kwamba umebadilika, na kila dirisha lililojisajili linajichora upya.

Mwaka 1991 Vlissides alijiunga na kituo cha utafiti cha IBM, New York. Mwaka 1994 yeye, Erich Gamma, Richard Helm na Ralph Johnson wakatoa kitabu cha Design Patterns chenye mbinu 23. Mbinu hiyo ya kutangaza wakaiita Observer. Nyingine ni Mediator, ambayo ni kama mshenga: sehemu hazisemezani moja kwa moja, zinapitia kwake.

Mbinu nyingi kati ya hizo zilishatumika kabla yao. Wao walizikusanya, wakazipa majina na kueleza lini zinafaa na lini zinaleta hasara. Wanne hao wakabatizwa Gang of Four.

Vlissides hakuzeeka. Uvimbe kwenye ubongo ulimuua Novemba 24, 2005, akiwa na miaka 44 tu. Baadaye ilianzishwa tuzo yenye jina lake kwa wanafunzi wa PhD wa sayansi ya kompyuta.

Kwa hiyo ukimsikia developa akitaja Observer, muulize kama anamjua Vlissides. Wengi wanaijua mbinu tu.