Jason Sendwe: alitaka kuwa munganga, inchi haikuwa na shule

Kijana wa Mweso aliyemaliza sekondari na kutaka kusoma udaktari anajua njia: kushuka Goma, kwenye Iniversite ya Goma ao ULPGL, ao kuendelea mpaka Bukavu. Njia ni ngumu. Vita inafunga barabara, minervali inalipwa kwa dola, na masomo ni ya miaka mingi. Lakini fakulte iko. Wakati wa ujana wa Jason Sendwe, fakulte yenyewe haikuwako.

Sendwe alizaliwa mwaka 1917 kule Mwanya, eneo la Kabongo, ndani ya Katanga, katika jamaa ya Waluba. Alisoma kwenye shule za wamisionari Wametodiste, Kabongo, Kanene na Elisabethville, muji tunaouita leo Lubumbashi. Alitaka kuwa munganga. Lakini katika Kongo ya Wabelgiji hakukuwa iniversite ya kumupokea. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954 tu, yeye akiwa mutu muzima wa miaka 37 hivi.

Mweusi mwenye hamu ya kutibu watu alifunguliwa mulango mudogo: kuwa infirmiye, na juu kidogo, asistanti medikali. Asistanti medikali alisoma kupita infirmiye. Alipima wagonjwa, aliandika dawa, alishika sehemu kubwa ya kazi ya daktari. Lakini hakuitwa daktari, na juu yake alikuwa munganga muzungu.

Sendwe alipita mulango huo. Kwanza alifundisha shuleni, akahubiri, akafanya kazi ya infirmiye. Kisha serikali ya koloni ikamupa kazi ya asistanti medikali. Mwaka 1957 akaanzisha BALUBAKAT, chama cha Waluba wa Katanga.

Uhuru ulipofika, tarehe 30 mwezi wa sita 1960, hesabu ilikuwa ya aibu: Lovanium haikuwa imetoa bado daktari Mukongomani hata mumoja. Waganga wengi Wabelgiji walikimbia ndani ya majuma machache, hospitali zikabaki na mainfirmiye. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilileta waganga kutoka inchi zingine. Tena likatuma makumi ya maasistanti medikali Ufaransa kumalizia masomo. Kisha miaka michache, watu walewale wakarudi madaktari kamili. Kumbe akili haikukosa. Nafasi ndiyo ilikosa.

Sendwe hakuwa kati yao. Siasa ilikuwa imekwisha kumuchukua. Mwaka 1960 alichaguliwa mubunge, na serikali ya Lumumba ikamuweka komisere wa serikali kwa Katanga. Mbele ya kuanza kazi, tarehe 11 mwezi wa saba, Moïse Tshombe akatangaza Katanga kuwa inchi ya peke yake. Sendwe alitaka Kongo ibaki moja. Kaskazini ya Katanga ikawaka. Jandarma wa Tshombe walichoma vijiji vya Waluba, na vijana wa BALUBAKAT nao wakashika silaha, wakaua. Mutu aliyejifunza kufunga vidonda akajikuta mukubwa wa chama kilicho ndani ya vita. Sehemu hiyo ya maisha yake haifai kufichwa.

Mwezi wa nane 1961 akawa naibu waziri mukuu wa pili katika serikali ya Cyrille Adoula, mpaka mwanzo wa 1963. Mwezi wa tisa mwaka ule akawa presidenti wa jimbo la Katanga ya Kaskazini, kule Albertville, ni kusema Kalemie ya leo. Uasi wa 1964 ukamukuta pale. Tarehe 19 mwezi wa sita, waasi wakamuua. Alikuwa na miaka 47 hivi.

Leo hospitali kubwa ya serikali ya Lubumbashi inabeba jina lake, na wanafunzi wa udaktari wa Iniversite ya Lubumbashi wanafanya staji mule. Wanajifunza kazi ambayo yeye alifanya bila kupewa cheo chake.

Kwa muzazi wa Masisi ao Walikale anayehesabu dola za minervali, habari hii haipunguzi bei hata kidogo. Lakini ile nafasi ndani ya auditwari, Sendwe hakuipata hata kwa pesa. Mulango aliofungiwa umefunguka. Lakini vita nyingine ingali inakatiza masomo ya watoto wa Mweso.